Mjadala: Je, mchezaji wa kompyuta ana haki ya kulalamikia michezo ya RPG iliyobuniwa kwa ajili ya konsoli?

Mtoa hoja, Lubumbashi

Ndugu zangu, ninaleta mbele yenu swali linalowagawa vijana wa hapa mjini. Mchezo wa RPG, ule ambao mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kumkuza kwa muda mrefu, unapobuniwa kwanza kwa ajili ya konsoli, yaani mashine za michezo zinazounganishwa na runinga kama PlayStation au Xbox, kisha ukahamishiwa kwenye kompyuta bila marekebisho ya maana, je, sisi wa kompyuta tuna haki ya kulalamika? Msimamo wangu ni kwamba tunayo, na kwamba hapa Kongo tunaumia kwa sababu mbili ambazo watengenezaji hawazifikirii.

Ya kwanza ni umeme. Konsoli za zamani zilihifadhi maendeleo ya mchezaji katika kadi ndogo. Ile ya PlayStation ya kwanza ilibeba kilobaiti 128 tu, kwa hiyo ilieleweka mchezaji asubiri afike kwenye kituo maalumu ndani ya mchezo ndipo ahifadhi. Kompyuta haijawahi kuwa na dhiki hiyo, na tangu mchezo wa Baldur's Gate wa mwaka 1998 tumezoea kuhifadhi karibu popote, mradi mhusika hayumo vitani. Hata hivyo, Final Fantasy XIII ilipoletwa kwenye kompyuta mwaka 2014, ilikuja na vituo vyake vile vile. Kwa anayeishi penye umeme usiokatika, kituo kilicho mbali ni usumbufu mdogo. Kwa mtu wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukiondoka kabla hajakifikia, kazi yote ya jioni imepotea, na hakuna ustadi ambao ungeiokoa.

Ya pili ni kibodi. Nyingi tunazouziwa zimepangwa kwa Kifaransa, safu ya juu ikianza na A na Z, si Q na W. Mchezo unaomtembeza mhusika kwa W, A, S na D bila kuruhusu vitufe vibadilishwe hautufai kabisa. Dark Souls ya mwaka 2012 ilizidisha mkanganyiko: hata ulipocheza kwa kibodi, skrini ilikuonyesha vitufe vya manete ya Xbox, yaani kidhibiti chake cha kushika mikononi, na A uliyoambiwa uibonyeze haikuwa ile iliyo chini ya kidole chako.

Mchangiaji, Goma

Ndugu, kuhusu vitufe nakubali, lakini umeacha kutaja faida tuliyoipata. Skyrim ya mwaka 2011 ililazimika kutosha katika konsoli zenye kumbukumbu ya megabaiti 512 kwa jumla, na toleo lake la kompyuta likaomba gigabaiti 2 za kumbukumbu na 6 za diski. Kompyuta za mitumba tulizo nazo ziliumudu mchezo huo. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, iliyoanzia kwenye kompyuta, inaomba gigabaiti 150 za diski. Nani kati yetu atapakua kiasi hicho kwa vifurushi vya simu? Afadhali mtu anunue manete na acheze mchezo unaoingia kwenye mashine yake.

Mtoa hoja, Lubumbashi

Hoja ya ukubwa ni nzito, na siipingi. Lakini kupunguza picha ili mchezo utoshe katika kumbukumbu ndogo ni jambo moja, na kumnyima mchezaji vitufe anavyovitaka na ruhusa ya kuhifadhi ni jambo jingine, ambalo halikupunguza mzigo wowote. Katika Skyrim hiyo hiyo, mizigo ya mhusika ilipangwa katika orodha ndefu ya kuteremka kwa manete, hadi wachezaji wenyewe wakaunda SkyUI, programu ya nyongeza yenye safu za uzito na thamani pamoja na sehemu ya kutafutia. Picha ya Dark Souls ilifungiwa kwenye nukta 1024 kwa 720, na mchezaji mmoja, ambaye hakuajiriwa na mtu, akatoa programu ya kuifungua siku ile ile mchezo ulipotoka. Siamini kwamba kampuni iliyouza mchezo ilikosa uwezo huo.

Kuna hasara ambayo hata wachezaji hodari hawawezi kuiziba kirahisi. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, mchezaji wa kompyuta aliweza kuinua kamera, akauona uwanja wa vita kutoka juu na kuwaamrisha wenzake watatu mmoja mmoja, ilhali konsoli hazikupewa mtazamo huo. Ilipotoka Dragon Age II mwaka 2011, hata sisi tulinyang'anywa, na vita vikawa vya kukimbizana karibu karibu.

Huo mchezo wa gigabaiti 150 unaoulalamikia umetengenezewa mipangilio miwili ya skrini, mmoja wa kipanya na mwingine wa manete, na ukitoka chombo kimoja kwenda kingine wenyewe unabadilika. Wanaotetea konsoli wanijibu basi: ni kitu gani kiliwazuia wengine kufanya hivyo kwa michezo iliyo midogo kuliko huo?