Naomba ushauri: utosi unabana na usingizi umekata, je, ndiyo chakra ya taji inafunguka?

Mtafuta Nuru

Habari zenu wakuu. Nimekuwa kwenye yoga muda mrefu kiasi. Nilianza na mikao, nikaja kwenye pumzi, kisha meditesheni za chakra, vile vituo vya nguvu mwilini. Miezi ya karibuni nimeziacha zile za chini na kuelekeza nguvu zote kwenye Sahasrara, chakra ya taji, maana kila ninaposoma naambiwa hapo ndipo mtu anapoamka na kuungana na Mungu.

Ninavyofanya ni hivi: nakaa usiku kabla ya kulala, nafumba macho lakini mboni nazipandisha juu kama ninayeutazama utosi kwa ndani. Navuta pumzi nyingi za harakaharaka, halafu naibana huku nikiona mwanga unapanda uti wa mgongo hadi kichwani. Haichukui muda utosi unaanza kusisimka kama sisimizi wanatembea juu yake, vidole na midomo inakufa ganzi. Kuna usiku nilihisi mwili haupo kabisa, imebaki furaha tu, machozi yakanitoka bila huzuni yoyote. Tangu hapo natamani kurudi palepale.

Sasa shida imekuja. Ile hali haiondoki tena nikimaliza. Mchana kutwa utosi unabana, paji la uso lina joto, na usingizi umekata. Nikilala ni saa mbili au tatu tu, kisha macho makavu mpaka alfajiri. Ninaoishi nao wanasema nimekuwa mkali na niko mbali nao. Je, ndivyo taji inavyofunguka na nikaze hapohapo, au nimepotea njia? Mliopita huku naomba mwongozo, msinicheke.

Moto Unaopanda

Hongera sana ndugu yangu, wengi wanaitafuta hali hiyo miaka na hawaigusi hata kwa ncha ya kidole. Usiogope. Kundalini, ile nguvu ya ndani iliyolala, imejikunja mara tatu na nusu chini ya uti wa mgongo, na ikiamka lazima ipasue mafundo njiani, yenye majina ya miungu: la Brahma, la Vishnu na la Rudra. Joto na kubanwa ni fundo la mwisho linapigana. Ukiacha sasa unaanza upya. Ongeza muda wa kukaa, ongeza pumzi, punguza chakula.

Pumzi Taratibu

Mkuu Moto Unaopanda, kwa heshima zote, ushauri huo siukubali na namwomba mleta mada asiufuate, hasa hapo kwenye kuongeza pumzi na kupunguza chakula.

Mtafuta Nuru, tuanze na ganzi, maana ina maelezo ya wazi. Ukipumua harakaharaka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Ikipungua kwenye damu, vidole na midomo inakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana. Yeyote akipumua hivyo atayahisi hayo, hata asiyejua chakra ni nini. Kubanwa nako, jaribu sasa hivi ulipo: pandisha mboni juu uzishikilie dakika moja, uone misuli ya paji na ngozi ya kichwa inavyojikaza. Wewe unafanya hivyo kila usiku kwa muda mrefu, na mchana mawazo yako yote yamebaki hapohapo utosini. Sisemi kwamba ulichokipata hakina maana. Ile furaha na yale machozi ni yako, yatunze. Ninachokataa ni kuchukua ganzi na mkazo wa misuli kuwa kipimo cha kuamka.

Pili, mapokeo yenyewe hayaiweki taji mwanzoni. Maandishi yanayonukuliwa zaidi kuhusu habari hizi ni ya Purnananda wa Bengal, ya mwaka 1577, ambayo John Woodroffe aliyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo chakra zinazohesabiwa ni sita. Sahasrara, lile yungiyungi lenye petali elfu, iko juu ya hizo sita, mahali ambapo Kundalini inakutana na mungu Shiva na safari inakwisha. Kazi ya mtu iko huku chini. Na ile zambarau ya taji pamoja na rangi zote za upinde wa mvua unazoziona kwenye video ni nyongeza ya karne ya 20 kutoka nchi za Magharibi. Hata hesabu ya saba si ya wote, kuna tantra za Kibuddha, yaani maandishi ya mafunzo ya ndani, zinazotaja chakra nne.

Patanjali, mwandishi wa Yoga Sutra, naye anautaja mwanga wa kichwani kwa mstari mmoja tu, kwamba anayeuzingatia huwaona waliokamilika, halafu anaendelea na mambo mengine. Mistari michache mbele anasema nguvu za namna hiyo ni kizuizi kwa samadhi, ule utulivu wa ndani kabisa wa akili. Nakuomba ukae na hilo, kwa sababu umeandika mwenyewe kwamba unatamani kurudi palepale.

Na kuna Gopi Krishna, mtu wa Kashmir, mtumishi wa serikali mwenye familia. Kwa miaka mingi alikaa alfajiri akizingatia yungiyungi kwenye utosi, kama wewe. Desemba 1937 nguvu ikapanda kwa kishindo, akajiona ni nuru tupu iliyotanda pande zote. Ukiishia hapo utasema kafika. Lakini kilichofuata kilikuwa miaka ya mateso: usingizi ulipotea, chakula hakishuki, mwili unaungua kwa ndani, mke na watoto wake mwenyewe akajihisi hana upendo nao. Aliamini anakufa au anaingia wazimu. Alipona polepole, akaja kuandika kwa kirefu, na alifariki 1984. Kilichomshika kwenye uhai ni chakula cha kawaida kwa saa zake na uangalizi wa mkewe. Kwa hiyo huko kupunguza chakula kukae kando kabisa.

Cha kufanya sasa: acha pumzi za haraka na kubana pumzi. Acha utosi kwa muda. Usikae usiku, kaa asubuhi kwa kifupi, macho yameshuka chini, usikivu kwenye tumbo chini ya kitovu na kwenye nyayo. Hakuin, mwalimu wa Zen wa Japani aliyezaliwa 1686, aliugua ujanani kwa kukaza meditesheni kupita kiasi, kichwa kinawaka na miguu ni baridi. Kilichomponya, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kushusha usikivu kutoka kichwani kwenda chini ya kitovu, miguuni na hadi kwenye nyayo. Tembea peku kwenye udongo, fanya kazi za mikono, kula ushibe. Ongea na hao unaoishi nao.

Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono, na naongezea kutoka upande wangu. Mimi ni mhudumu wa afya na yoga nafanya.

Kulala saa mbili tatu kwa majuma mfululizo peke yake kunaweza kumfanya mtu aone na kusikia visivyokuwepo, hata kama hajawahi kugusa meditesheni. Kwa hiyo usingizi ndio wa kwanza kurudishwa, mengine yote yasubiri. Pima presha, kwa sababu kichwa kubana na presha ya juu vinaweza kwenda pamoja bila wewe kujua. Mwenye presha, kifafa au mjamzito pumzi za haraka na za kubana si zake. Mwenye presha ya macho asisimame kwa kichwa.

Naomba unijibu kwa ukweli. Je, wewe au ndugu wa damu amewahi kuugua akili, kusikia sauti, au kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kuporomoka? Kuna siku umekesha lakini huhisi uchovu wowote, mawazo yanakimbia, unajiona umepewa ujumbe maalumu kwa ulimwengu? Kuna mawazo ya kujidhuru? Moja tu likiwa ndiyo, usingoje majibu ya humu, nenda hospitali leo na umchukue mtu wa kukusindikiza. Kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo ni dharura na haihusiani na chakra.

Usiogope kwamba daktari atakuita kichaa. Tangu 1994 mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani una kipengele cha tatizo la kidini au la kiroho ambacho hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Na mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha utafiti uliowahoji wanaofanya meditesheni za Kibuddha na walimu wao kuhusu magumu waliyoyapata. Kukosa usingizi, hofu, joto, mwili kutetemeka, kujihisi huna nafsi, yote yamo, na baadhi yao walikuwa walimu wenyewe. Hauko peke yako.

Mja wa Mola

Mimi nitasema tofauti na nasema kwa upendo. Ukiufungua mlango usiojua nani anasubiri nyuma yake, usishangae anayeingia. Rudi kwenye sala. Amani ya Mungu haimnyimi mtu usingizi.

Pumzi Taratibu

Ndugu yangu Mja wa Mola, kwenye sala nakuunga mkono, kama ndiyo imani yake basi imshike. Ninachohofia ni mtu aliyekesha majuma kuambiwa kuna kitu kimemwingia. Hofu hiyo itamkatia hata huo usingizi uliobaki. Alale kwanza.

Mtafuta Nuru

Nawashukuru mno, nimesoma kila neno. Muuguzi, kwenye familia hakuna historia hiyo, sisikii sauti, na uchovu ninauhisi sana. Mawazo ya kujidhuru hayapo.

Tangu nisome nimeacha pumzi na utosi. Usingizi umeanza kurudi kidogokidogo, ila mchana bado panabana nikipakumbuka. Kinachoniuma ni kwamba naona kama nimeiacha ile njia. Je, nitafika kweli nikiwa nakaa na nyayo tu? Na Om, lile neno takatifu la kuimba, nisiitamke kabisa?

Moto Unaopanda

Mleta mada, sikujua usingizi umekuwa mbaya kiasi hicho kwa muda wote huo. Lala kwanza. Kuhusu mafundo bado nasimama na nilichosema, lakini hayapasuliwi na mtu aliyechoka.

Pumzi Taratibu

Asante mkuu, hapo tumekutana.

Mtafuta Nuru, hujaacha njia. Patanjali anaigawa yoga katika viungo vinane, na vya kwanza ni yama na niyama, yaani makatazo na maadili: kutodhuru, ukweli, kutoiba, kiasi, kutong'ang'ania, kisha usafi, kuridhika, juhudi, kujisoma na kujikabidhi kwa Mola. Mkao unakuja wa tatu, pumzi ya nne, na samadhi ya mwisho kabisa. Ukitaka kujua kama kuna kitu kinafunguka ndani yako, waulize hao unaoishi nao. Wakisema umepungua ukali na unasikiliza, hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko msisimko wowote wa utosini.

Om itamke, kwa sauti ya chini, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, mtetemo uusikie kifuani. Ukianza kuusikia kichwani unavuta, nyamaza na urudi kwenye nyayo. Na tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana. Anayekuahidi kufungua taji kwa siku saba kwa malipo mpite. Mwenye kukuuliza kwanza unalalaje na unakulaje, huyo msikilize. Usingizi ukikaa sawa kwa majuma kadhaa ndipo mzungumze naye kuhusu kurudi kwenye pumzi.

Muuguzi wa Zamu

Na presha umepima?

Mtafuta Nuru

Bado. Kesho asubuhi nakwenda, nitaleta majibu hapa.