Romu ya Forester imefunguka lakini sioni mapu hata moja

boxer_naks
Wasee habari zenu, niko Nakuru, nimetoa romu (programu ya ndani ya kompyuta ya injini) ya Forester yangu ya turbo kwa kebo ya Openport, faili imetoka ya megabaiti moja. Sasa programu ya RomRaider inaniambia hakuna definisheni, sioni mapu (jedwali za namba) ya mafuta, sioni taimingi ya plagi wala busti, yaani presha ya turbo, na nikiifungua kwa programu ya heksa ni manambari tu yamejaa skrini. Rafiki yangu ana Forester ya bodi kama hii na kwake mapu zote zinatokea. Faili imeharibika ama? Na nikichukua definisheni yake si itafanya?

waya_nyekundu
Faili iko sawa boss. Mapu ziko mle ndani ila ECU, hiyo kompyuta ya injini, haina haja ya majina, yenyewe inajua tu namba fulani iko anwani fulani. Majina unayoyaona kwa laptopu ya rafiki yako yanatoka kwa faili ingine kabisa, ile ya XML, hiyo ndiyo definisheni, ndiyo inasema taimingi inaanzia hapa, namba za RPM (kasi ya injini) za pembeni ziko pale, na hesabu ya kugeuza ni hii. Chukua baiti moja ya taimingi tuseme ni 100, kwa Subaru hesabu huwa mara 0.3515625 halafu toa 20, unapata digrii 15 na kidogo. Bila hiyo hesabu 100 inabaki 100, huwezi jua ni taimingi ama ni joto la maji.
Kuchagua definisheni, programu inasoma kitambulisho kilichoandikwa ndani ya romu, kwa nyingi za biti 32 kiko anwani ya heksa 2000, nenda hapo utaona herufi na namba zimefuatana. Tafuta definisheni kwa hicho, achana na mwaka wa gari.

fundi_section58
Na ya rafiki usiweke tafadhali. Bodi moja si romu moja, ya Japani na ya Marekani, ya oto na ya manyuo, kila moja na yake, na anwani zikisogea hata kidogo mapu inaweza kufunguka tu vizuri lakini namba ni za kitu kingine, unadhani unapunguza taimingi kumbe unachezea feni, na injini ya turbo ikianza kugonga hapo ni pistoni zinaenda. Angalia kwanza RPM za pembeni, zikipanda kwa mpango 800, 1200, 1600 hivi ni dalili nzuri, zikirukaruka funga bila kuseva.

kondele_efi
Huku Kisumu natumia ECU ya Speeduino na programu ya TunerStudio, hapo faili ya msq inabeba jina na thamani pamoja, lakini bado kuna faili ya ini inayofanya kazi kama definisheni, na lazima iwe ya fimuwea (programu ya ndani ya ECU) ile ile. Mapu ya VE (silinda zinavyojaa hewa) ni RPM kwa presha ya hewa ya kPa, na gari bila turbo hapa haipiti kama 88, Nakuru ni kama 81 kwa sababu ya mwinuko, kwa hivyo safu za 100 hazifikiwi kabisa. @boxer_naks ukipata definisheni tafuta ile mapu ya kurekebisha busti kwa presha ya hewa, kwa urefu wa Nakuru hiyo ni muhimu sana.

boxer_naks
Nimefika 2000, kitambulisho changu na chake vinatofautiana mwishoni. Nikikosa definisheni yangu je?

waya_nyekundu
Usiandike kitu kwa ECU. Tafuta romu iliyo karibu na yako yenye definisheni, ulinganishe mpangilio wa baiti mapu moja moja, anwani mpya utazipata hivyo. Ni kazi ya polepole lakini inawezekana, weka kitambulisho hapa tuangalie pamoja.