Ukoo wa Kibosho: gari la Alhamisi na forosadi za Baba Mkubwa

[06:12] Shangazi Anna: Tumsifu Yesu Kristu. Majibu ya Baba Mkubwa yametoka, ini lina mafuta. Kliniki ni Alhamisi saa mbili asubuhi, KCMC. Nataka gari, na mtu wa kuleta forosadi kila Jumamosi. Nani?

[07:05] Shangazi Anna: Mmesoma watu 19. Naona.

[07:20] Kelvin: Milele amina. Shikamoo shangazi. Forosadi za nini tena?

[07:26] Shangazi Anna: Marahaba. Ini likivunja pombe linatoa radikali huru, zinachoma seli zake lenyewe. Lina kinga yake, glutathioni, ila pombe ya miaka inaimaliza. Ile rangi ya forosadi iliyokuwa inawachafua mashati ya shule ndiyo anthosianini. Inazizima hizo radikali.

[07:31] Baba Neema: Basi tuchanganye kwenye mbege, mtu anakunywa huku anajitibu 😂😂

[07:32] Kelvin: 😂😂 Wekeni dumu langu pembeni

[07:33] Shangazi Anna: GARI. Alhamisi.

[07:50] Mama Happy: Forosadi tungekuwa nazo kihambani, kama mtu fulani asingeona mti unambania banda lake la nguruwe.

[07:52] Baba Mdogo: Mti ulikuwa upande wangu wa masale ya mpaka.

[07:53] Mama Happy: Masale yaliyotembea usiku.

[07:54] Baba Mdogo: Ujumbe huu umefutwa

[09:40] Dada Rehema: Shikamooni, nimetoka zamu ya usiku. Shangazi, forosadi ale, tunda zuri. Ila hayo ya anthosianini mengi yameonekana kwenye seli za maabara na panya, kwa binadamu ushahidi bado mdogo. Kinachookoa ini ni kuacha pombe kabisa, kupunguza kitambi na soda. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" msimpe, nyingine zinaliumiza. Na parasetamoli asizidishe hata kidogo: sumu yake inazimwa na glutathioni hiyo hiyo iliyokwisha.

[09:44] Shangazi Anna: Kwa hiyo forosadi ziendelee?

[09:51] Dada Rehema: Ziendelee. Tunda lenyewe, siyo juisi ya sukari.

[10:05] Mama Happy: Huyu ni Bibi, Happy ananiandikia. Nimesomewa yote. Mwanangu wa kwanza anaumwa, nyie mnagombea mti. Mbege isiingie tena kwake, hata kipaimara cha nani. Na wewe uliyekata, chukua jani la sale uende kumwomba kaka yako msamaha kabla ya Alhamisi.

[12:48] Kelvin: Shikamoo Bibi 🙏

[13:30] Baba Mdogo: Nimesikia mama.

[13:34] Shangazi Anna: Asante mama. Sasa jamani, gari?

[16:12] Baba Neema: Langu liko gereji, giaboksi. Jumatano jioni ndiyo nitajua.

[16:15] Shangazi Anna: Jumatano jioni ni kuchelewa. Mwingine?

[19:48] Baba Mdogo: Anna, kile kisiki kilichipua. Matawi matatu, yana matunda. Sikuwahi kusema. Jumamosi nitajaza kindoo nimpelekee mwenyewe.

[19:50] Shangazi Anna: Mpelekee. Na sale je?

[21:17] Shangazi Anna: Na gari bado.