Naomba ushauri: RabbitMQ au Kafka kuunganisha mauzo, stoo na uhasibu?

Wakuu, habari. Mifumo yetu mitatu iliandikwa na watu tofauti. Kwa sasa ule wa mauzo unaita wa stoo moja kwa moja. Stoo ikizima, keshia anabaki anaangalia skrini inazunguka huku mteja kasimama. Nataka katikati niweke programu huria ya kusambaza ujumbe, ama RabbitMQ au Kafka: mauzo yatangaze "oda imelipwa" na kuendelea, wengine wasome wakiwa tayari.

RabbitMQ nimeijaribu na nimeipenda. Foleni ya stoo na ya uhasibu kila moja inapata nakala yake, na ujumbe hauondolewi mpaka msomaji (mfumo unaoupokea) athibitishe. Kafka inanivutia kwa kutunza ujumbe hata baada ya kusomwa, hivyo uhasibu wanaweza kurudia wa wiki iliyopita. Ila kwa oda mia chache kwa siku, naona ni kukodi lori kubeba kiroba kimoja. Nirekebisheni.

Kinachonisumbua hasa ni ujumbe kufika mara mbili. Msomaji akikatika kabla ya kuthibitisha, unatumwa tena, na stoo inapunguza mzigo upya. Nafikiria kila ujumbe uwe na namba ya pekee, stoo iikague kwanza. Inatosha?

Na oda ikishaandikwa kwenye hifadhidata halafu ujumbe ukakwama kutoka? Nimeona wengine wanaandika oda na ujumbe unaosubiri kwa muamala mmoja wa hifadhidata (viingie vyote au kisiingie hata kimoja), kisha programu nyingine inautuma. Aliyewahi kuendesha hivyo kwenye mfumo wa kazi anieleze usumbufu wake.