Hedifoni za besi nzito au za sauti sawia?

Wakuu, nasikiliza taarab asilia na singeli kwenye simu. Besi nzito inanoga, ila ala za nyuzi kama kanuni na udi zinafifia. Tatizo ni hedifoni au faili?

Jibu 1: Hedifoni, mkuu. Besi iliyopandishwa haiishii Hz 100 (hezi, kipimo cha unene na wembamba wa sauti; namba ndogo ndiyo besi). Inamwagikia hadi Hz 250 na zaidi, palepale penye kifua cha mwimbaji na mwili wa udi. Kanuni inasikika kama iko nyuma ya pazia. Kabla ya kununua nyingine, fungua ikwaliza (sehemu ya simu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba), shusha Hz 250 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 au 4.

Jibu 2: Ukinunua, angalia omu, yaani ukinzani wa hedifoni kwa umeme wa simu. Sennheiser HD 600 ni sawia kweli, lakini omu 300 zinaishinda simu nyingi, tena mgongo wazi wa vikombe vyake unavujisha sauti kwenye daladala. Sony MDR-7506 imefungwa mgongo, omu 63 tu.

Jibu 3: Kwa singeli besi ina raha yake jamani! Ila ukipandisha Hz 60 kwa desibeli 5, shusha sauti ya jumla ndani ya ikwaliza kwa 5 hizohizo, la sivyo ngoma inakwaruza. Na sponji za hedifoni zikichakaa, au mkono wa miwani ukiacha upenyo, besi inatoroka. Watu wanalaumu hedifoni bure.