Mdogo wangu kaitwa kufanya utafiti wa kulipwa chuoni Marekani kabla masomo hayajaanza. Aende?

Dada wa Tabata (14 Aprili 2024)
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Na mvua hizi nimeshindwa kutoka, acha nilete jambo langu humu.

Mdogo wangu wa kiume yuko Form Six, mtihani ni mwezi ujao. Kapata chuo Marekani, ufadhili karibu wote. Juzi chuo kimemwandikia tena: baadhi ya wanaoingia mwaka wa kwanza wanaitwa mapema, wiki ya mwisho ya Juni hadi mwanzoni mwa Agosti. Kila mmoja anapangiwa profesa, anafanya naye utafiti maabara na kulipwa posho. Bweni bure, nauli juu yetu. Jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Mama anasema matapeli hao, tangu lini mtu akalipwa kwa kusoma? Baba anataka aende JKT kama wenzake. Mimi naona ni bahati. Wenye uzoefu naombeni ushauri.

Kifaru wa Mbagala
Wameomba hela? Ya fomu, ya "kushikilia nafasi", yoyote ile?

Dada wa Tabata
Hata senti. Na imeili imetoka anwani ileile iliyoleta barua ya udahili.

Mzee wa Mlimani
Basi mtoe mama hofu. MIT wana mpango wa namna hii tangu 1969, na vyuo vingi vya kule vinao. Halipwi kwa kusoma, analipwa kwa kazi: kuosha vyombo vya maabara, kuingiza data, kurudia kipimo kilekile mpaka achoke. Faida kubwa ni profesa kumjua mapema. Baadaye akitaka barua ya kumpendekeza, kuna mtu wa kuiandika.

Nilisoma Huko
Dada, kabla hajajibu chochote, angalia I-20 yake, ile fomu ya chuo ya kuombea viza. Tarehe ya kuanza programu ni ipi?

Dada wa Tabata
26 Agosti 2024.

Nilisoma Huko
Hapo ndipo penye mtihani. Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaweza kuipata miezi mingi kabla, lakini kuingia Marekani anaruhusiwa si zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Hesabu: mapema kabisa ni 27 Julai, na utafiti unakaribia kuisha. Nafasi hizi mara nyingi hupangwa kwa kuwafikiria watoto wa kulekule, wa kigeni anakumbukwa mwishoni.

Aandike leo kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, si kwa profesa. Aulize mambo mawili: je, wanaweza kumtolea I-20 yenye tarehe ya Juni? Na hiyo posho ni mshahara au ni ufadhili? Mshahara unahitaji namba ya hifadhi ya jamii, anaiomba akishafika, kwa hiyo hela ya kwanza inaweza kuchelewa. Mfukoni awe na ya kuanzia. Ikihesabiwa kama ufadhili, kwa mwenye F-1 hukatwa kodi asilimia 14, na sisi hatuna mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia.

Chalii wa Sinza
Si aingie na viza ya kutembea tu, akifika atajipanga?

Nilisoma Huko
Chalii, usimpoteze mtoto wa watu. Viza ya kutembea haimruhusu kufanya kazi, na akikamatwa hata hiyo F-1 ataikosa.

Mama Wawili
Mimi niko na baba. Mtoto atoke chumba cha mtihani, akimbilie ubalozini Msasani, apande ndege, lini atapumua? Maprofesa Septemba watakuwepo.

Mzee wa Mlimani
Hilo nalo ni neno. Muhula ukianza anaweza kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki. Ila asihangaike na nafasi zinazolipiwa na mpango wa serikali yao wa Federal Work-Study, wala zile za utafiti za REU zinazofadhiliwa na NSF, shirika la serikali yao la sayansi. Hizo si za wenye F-1. Atafute zinazolipwa na fedha za profesa au idara.

Dada wa Tabata (29 Aprili 2024)
Mrejesho wakuu. Chuo wamejibu: I-20 ya Juni hawawezi kutoa, mpango huo hauhesabiwi kama masomo. Ila wamemuunganisha na profesa wa kemia, kasema yuko tayari kumchukua Septemba, saa nane kwa wiki, kwa malipo ya saa. Dogo kanuna siku nzima. Baba anacheka tu, JKT iko palepale.

Kifaru wa Mbagala
Akipangiwa kambi ya Mafinga abebe sweta. Juni kule si mchezo.