Mjadala: Kwa nini Kintu awe ngano na Adamu awe historia?

Mwalimu wa Jinja
Ndugu, nawaletea swali la mwanangu. Jumapili alimuuliza mwalimu wao wa kanisani: kama Adamu ndiye mtu wa kwanza, basi Kintu, ambaye wazee wa Buganda husema ndiye wa kwanza, ni nani? Akajibiwa kwamba Kintu ni hadithi ya kishenzi, asiitaje tena. Mtoto akarudi kanuna.

Mimi naona habari hizi mbili ni za ukoo mmoja. Ggulu wa mbinguni aliwaonya Kintu na Nambi, binti yake aliyeolewa na Kintu, wasigeuke nyuma, lakini Nambi akarudi kuchukua ulezi, nafaka ya kulisha kuku wake, na kaka yake Walumbe, yaani Mauti, akamfuata hadi duniani. Hawa naye alikatazwa tunda, akala, mauti yakaingia. (Na kote kuwili lawama kabebeshwa mwanamke. Wazee wetu na wa Wayahudi walikubaliana hapo bila kukutana.) Ttanda, upande wa Mityana, utaonyeshwa hadi mashimo ambako Kayikuzi, kaka mwingine wa Nambi, alimwinda Walumbe ardhini. Bustani ya Edeni nani anaweza kunionyesha?

Mlokole wa Kawempe
Mwalimu, Bwana asifiwe, lakini hapo unacheza na moto. Paulo kwa Warumi, sura ya 5, anasema mauti yaliingia kwa mtu mmoja, na neema ikaja kwa mtu mmoja. Luka anahesabu ukoo wa Yesu hadi kwa Adamu. Ukimfanya Adamu mfano tu, niambie na wokovu ni mfano wa nini? Shimo la Ttanda halijafa kwa ajili ya mtu.

Mwalimu wa Jinja
Sijamdharau Paulo. Nauliza tu tusome tulichopewa. Mwanzo sura ya 1, mimea inatangulia, wanyama wanafuata, mtu anaumbwa mwisho. Sura ya 2, mtu anafinyangwa kabla ya mche wowote wa kondeni, na wanyama wanaletwa baadaye awape majina. Aliyeziweka sura hizo bega kwa bega hakuwa kipofu. Halafu jina lenyewe: Kiebrania *adama* ni ardhi. Ni kama kumwita mtu Bwana Udongo. Na Kintu, kwa sikio la Mswahili, si yuko karibu kabisa na "kitu"?

Hajji wa Mbale
Assalaam aleikum. Kwetu Adam ni nabii, hilo silijadili. Ila siku sita za uumbaji ni jambo jingine. Sura ya 22 ya Qur'ani inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu mnayoihesabu nyinyi. Sura ya 70 inataja siku ya miaka elfu hamsini. Sasa mwenye saa ya mkononi anapima nini? Na kuhusu lawama, mwalimu, usituchanganye: katika Qur'ani shetani aliwahadaa wote wawili, wala jina la Hawa halimo. Kwa taarifa yenu, habari ya Muumba mmoja ilifika mbele ya Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 hivi, kwa mdomo wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, kabla ya mmisionari yeyote.

Mtu wa Hoima
Mnagombania nani wa kwanza, wala hamuulizi nani alifaidika. Kwetu Bunyoro, Muumba Ruhanga aliwapakatisha wanawe watatu vyungu vya maziwa usiku kucha. Kakama alisinzia akamwaga kidogo, ndugu zake wakamjazia, kisha Kairu akamwaga yake yote; asubuhi chungu cha Kakama kikawa kimejaa. Basi Kakama akawa mfalme, Kahima mchungaji, Kairu mkulima wa kuwatumikia. Hebu niambie hadithi hiyo ilitungwa nyumbani kwa nani. Kwa mwenye jembe?

Na msidhani Biblia haikufanyiwa hivyo. Mzungu Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika kwa Kabaka Muteesa wa Buganda mwaka 1862, akala na kunywa pale. Kitabu chake cha 1863 kikasema mtu mweusi ni mwana wa Hamu, mtoto wa Nuhu, aliyelaaniwa awe mtumwa, na kwamba watawala wa nchi hizi ni kizazi kilichotoka Ethiopia. Yaani hata kiti cha enzi hatukuweza kukichonga wenyewe! Fungua Mwanzo 9:25: "Na alaaniwe Kanaani." Hamu hakulaaniwa. Wakushi na Wamisri, watoto wengine wa Hamu, hawamo kabisa. Uongo huo umetutenganisha na jirani zetu mpaka leo, eti huyu Mhamiti wa kutoka Ethiopia, huyu Mbantu wa kutawaliwa.

Mlokole wa Kawempe
Mtu wa Hoima, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila tazama ulichofanya: umemshinda Speke kwa kusoma neno kama lilivyoandikwa. Ungekuwa mtu wa mifano, angekuponyoka.

Mwalimu wa Jinja
Hapo umetushika, mlokole. Lakini kusoma neno lilivyoandikwa ni kazi moja, na kuapa kwamba lilitokea hivyo ni kazi nyingine. Hajji ameisoma Qur'ani yake neno kwa neno na bado saa ya mkononi kaiweka kando.

Mwanangu amesoma yote haya begani kwangu. Anauliza kama wale kuku waliula ule ulezi.